Kura Niliyoituma Kabla ya Kupeana Mkono

Mama Verna wa ukurasa wa barua, nisaidie mwenzio nimekwama, lakini kwanza yote uliyoyasikia yatupe, maana kila mtu katika bonde hili anaisimulia habari hii kombo, kinyozi kombo, mchungaji kombo, na mimi ndiye niliyekuwepo, tena kwa kusimulia hakuna wa kunishinda toka hapa mpaka Harrisburg.

Mimi ni Mrepublikan tangu tumboni mwa mama, jirani yangu Merle Hostetter ni Mdemokrati asiye na dawa, na kwa miaka thelathini na moja hajapiga kura hata mmoja wetu, kwa sababu tuligundua, yaani niligundua mimi, kwamba kura yangu inaiua yake na yake inaiua yangu, sasa ya nini kupanga foleni kwenye baridi ya Novemba? Kwa hiyo kila siku ya uchaguzi tunakutana mgahawani kwa Dottie, tunapeana mkono, tunasema "leo hatoki mtu," tunacheza drafti mpaka vituo vifungwe, na huko nje watu wanatukanana kuhusu kodi wee mpaka sauti zinakauka, sisi tunacheka tu.

Mwaka huu Janelle, binti yake Merle, ambaye trekta nilimfundisha mimi na sasa analiendesha kuliko babake, akagombea udiwani, akasema kodi ya nyumba ipande kidogo ili gari la wagonjwa lisiondolewe mjini. Basi sanduku langu la barua likaanza kufurika vipeperushi, kila siku ya Mungu, kutoka kwa watu wenye hela zao huko mbali wasiojua hata bonde letu liko wapi, eti Janelle atawatoa wazee majumbani mwao, na picha yake wameitia giza utadhani ameiba ng'ombe. Nikapandwa na hasira, eti mimi nitolewe nyumbani kwangu na mtoto niliyemfundisha trekta? Karatasi ya kura ya posta ilikuwa mezani, wananiletea tangu goti langu lipasuliwe, na siku zote nawashia jiko, safari hii nikaijaza, nikatia sahihi, nikaituma, wiki tatu kabla. Siku yenyewe nikampa Merle mkono kama kawaida, na ukiniuliza, sikumdanganya, maana siku ile kweli sikutoka.

Janelle akashindwa kwa kura moja.

Huku kwetu siri ni ulimpa nani, lakini kama ulipiga au hukupiga, orodha iko wazi, yeyote anaiomba. Janelle akaiomba. Wiki iliyopita Merle akaja, akauweka ubao wa drafti barazani kwangu, na kete zote, zake na zangu.

"Ellis," akasema, "sikuulizi ulimchagua nani. Uliponipa mkono asubuhi ile, ulikuwa umeshatuma?"

Nikamwambia, "Na wewe mzee mwenzangu, gari lako lilikuwa linatafuta nini ukumbi wa zimamoto saa moja ile, kabla hujaja kwa Dottie?" Kila mtu anajua kura tunapigia pale. Akanitazama kama mtu asiyenijua, akashuka ngazi, akaenda zake.

Sasa Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa, tumewinda pamoja tangu wavulana, kibanda cha mlimani ni chetu wawili, nami sikai sisimami, nazunguka jikoni, nachungulia moshi wa nyumba yake, narudi, nachungulia tena. Tangu mke wangu afariki sina mwingine wa kugombana naye. Nani amwombe mwenzie radhi kwanza?

Ellis Brubaker, mlenga shabaha wa kwanza bonde zima

Kabla sijafunga bahasha: lile gari lake pale zimamoto, sikuliona. Nililitunga palepale barazani, halafu nikamsimulia kinyozi, sasa mji mzima unalo. Mengine yote ni kweli tupu.

*

Mzee Ellis, pole, nyumba yenye kikombe kimoja mezani naijua. Lakini umeniandikia kurasa nne na ukweli umeubana chini kabisa, baada ya jina lako. Eti nani aanze? Baba, kuna mwingine?

Kumnyima kura mtoto uliyemfundisha trekta ni haki yako, wewe na vipeperushi vyako. Kosa ni ule mkono, na usiniletee habari ya "siku ile sikutoka." Na uongo wako hata hukuupika ukaiva: orodha iliyokushika wewe ndiyo inayomsafisha Merle, nami nimeiomba nikaisoma, jina lake halimo. Alikuwa anajua hilo amesimama pale barazani. Angekumaliza kwa neno moja. Akanyamaza. Huyo hajakutupa bado, ila usimcheleweshe.

Kesho asubuhi anza kwa kinyozi, mbele ya wateja, useme gari hukuliona, bila kuongeza chumvi. Ukitoka hapo chukua ubao umpelekee Merle. Alikuuliza swali, mjibu, "Nilikuwa nimeshatuma." Kisha funga mdomo, najua kwako ni kazi kuliko kupanda mlima. Akikufukuza, uache ubao, urudi kesho yake.

Na siku Janelle atakapogombea tena, karatasi yako ya posta washia jiko kama zamani. Ulipiga mara moja bila Merle, naye apige mara moja bila wewe. Mpeleke mwenyewe ukumbi wa zimamoto, yeye aingie, wewe umsubiri nje. Nendeni na gari lake. Uliwaambia watu umeliona pale. Basi waje walione.