Daftari la Barabara ya Mulungwishi

Mwene-Ditu, Septemba, kabla ya mvua. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke Likasi.

Mpendwa yaya Donat,

Ulinizidi miaka tisa. Sasa nina miaka sabini na mmoja, na wewe umebaki na arobaini na minane yako, kwa hiyo kwa hesabu ningeweza kukuita mdogo wangu. Sitafanya hivyo. Utabaki yaya, kaka mkubwa, kama nilivyokuita siku ile uliponikuta nje ya darasa langu ukiwa na grisi hadi viwikoni, ukaniuliza kama ni kweli kwamba mwalimu anaweza kusoma bila kupunguza mwendo hata akitikiswa.

Wakati huo ulikuwa dereva wa kujaribu malori ya mgodi baada ya matengenezo. Siku za kiangazi ulikuwa ukishindana mbio za magari kwa gari la kuazima: Likasi hadi Kakanda, Kakanda hadi Mulungwishi, kisha kuteremka hadi ziwa la Tshangalele na kurudi mjini. Halafu mfanyabiashara mmoja Mgiriki akakupa Pejo yake nyeupe na mshahara wa kila mwezi. Ukaacha malori. Mjini kwetu watu walisafisha shaba, waliendesha treni, waliuza samaki. Wewe peke yako uliishi kwa kwenda mbio, na mama mkwe wako hakuamini kwamba hiyo ni kazi hadi ulipomletea mabati ya kuezekea nyumba.

Nilikuwa kopiloti wako, msoma njia wa kiti cha pembeni, kwa miaka kumi na mmoja. Hukujua kuandika zaidi ya jina lako, kwa hiyo barabara yote ilikuwa katika mwandiko wangu. Kila mwaka, mwezi wa tano, mvua zikiisha, tulipita njia nzima upya. Kwenye kona mbaya ulishuka, ukavua viatu, ukaitembea kona kwa nyayo kama mtu anayepapasa jeraha, ukaniambia niandike nini. Kulia, ngumu. Kushoto, mchanga, subiri. Kulia, wazi, fungua. “Fungua” ilikuwa kukanyaga mafuta hadi mwisho. Siku ya mbio mimi niliinamisha kichwa nikasoma, nawe ulikanyaga.

“Mwalimu, weye soma tu,” uliniambia mara ya kwanza. “Minye macho yangu iko mu kinywa yako. Na kama unatapika, tapika ku dirisha, hapana ku daftari.”

Nilitapika dirishani hadi Kakanda. Ulicheka, nami sikuruka mstari hata mmoja.

Tulikuwa na sheria moja tu, na ilikuwa yako. Mvua za kwetu hula barabara. Daftari la mwaka jana, ulisema, ni bubeshi, ni uongo mtupu, afadhali mtu aende kipofu. Kila mwaka ulitaka tulichome la zamani, nami kila mwaka nilikuomba ulihifadhi, kwa sababu mwalimu haoni raha kuchoma maandishi. Uliyaweka kabatini kwako, yakapangana kama vitabu vya mtu msomi.

Kisha mambo yakaharibika, na hayakuharibika siku moja. Mgodi ulinyamaza kipande kwa kipande. Maduka yakavunjwa. Mgiriki akaondoka na sanduku moja, akakuachia Pejo bila matairi ya akiba. Mwezi wa tano wa mwaka wetu wa mwisho hapakuwa na petroli mjini, nawe ulikuwa umelazwa na malaria. Nilikwenda peke yangu kwa baiskeli, kinga kama tulivyoiita, siku nne, nikaandika daftari jipya. Mbele kidogo ya Mulungwishi, pale tulipozoea kuandika “kulia, wazi, fungua,” nilikuta maji yamekula nusu ya njia. Korongo lilikuwa limefichwa na majani marefu. Niliandika: “Kulia. Korongo. Breki mapema, shika kushoto.” Nikapiga mstari chini mara mbili.

Mwezi wa nane wakubwa wapya wa mji walituambia, sisi ambao babu zetu walitoka Kasai kuja kuchimba shaba, turudi kwetu. Mimi nilizaliwa Likasi. Huko kwetu nilikuwa sijawahi kufika hata siku moja, na hadi leo watu wa hapa Kasai wanacheka Kiluba changu. Huko Likasi walituita bilulu, wadudu. Tulilala stesheni, maelfu, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilichukua sufuria, mikeka na daftari. Mke wangu aliuliza daftari la nini. Nilisema ni kazi yangu.

Wewe, mwenyeji usiyefukuzwa, ulikuja siku ya kumi na saba. Nilikuona kwa mbali ukitembea upesi, kofia umeishusha. Nikadhani umekuja kwa ajili ya binti yangu Mado, aliyekuwa na surua, midomo imepasuka, hanywi maji.

“Yaya, tupeleke mutoto ku hospitali na motoka,” nilikuambia.

Ulitazama lango, walipokuwa vijana wenye fimbo. “Mwalimu, leo haiwezekane. Bale batu bataniona. Batachoma motoka.” Halafu, ukitazama viatu vyako: “Siku ya yenga iko mashindano. Wakubwa bapya ba muji banataka. Mwenye kushinda ataenda kuendesha Zambia, na mushahara. Minye sina kazi ingine, Mwalimu. Nipe daftari mupya.”

Lilikuwa chini ya mkeka, chini ya mtoto. Ningenyoosha mkono ningeligusa.

“Ilipotea,” nilisema.

Kisha nikaongeza maneno ambayo nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo, nami sijawahi kuyaandika hadi leo. Nilisema: “Kamata ile ya mwaka jana. Minye nilipita na kinga. Njia ni ileile.”

Ulinishukuru. Ulinipa mkono.

Jumapili, siku ya yenga uliyoitaja, nilisikia magari yakitoka mjini. Niliijua Pejo kati ya mengine yote. Nilikusikia ukibadilisha gia ya tatu kwenye mteremko, na nilijua kwamba una zaidi ya nusu saa kabla ya kufika pale. Mtu angeweza kukimbia hadi kwa waandalizi. Angeweza kupiga kelele hata akipigwa. Nilikuwa nikimlowesha Mado midomo kwa kitambaa, nikaendelea kumlowesha. Jioni mwanamke aliyetuuzia maji alisema, kama anayetaja bei, “Donat wa mbio amekufa. Ku kona ya Mulungwishi.”

Treni yetu ilikuja siku tisa baadaye. Ilipita Mulungwishi mchana. Sikutazama nje.

Mado alipona, yaya. Hakuna aliyempa dawa. Alipona tu, kwenye behewa, akaomba ugali. Sasa ni mama mzima, anafanya biashara ya vitambaa, na tangu mwaka jana anaishi Likasi. Anasema hakuna anayemuuliza babu yake alitoka wapi. Amenijengea chumba, chenye meza ya vitabu vyangu. Kila wiki ananipigia simu: “Baba, unakuja lini? Nikukatie tiketi?”

Mwezi uliopita alinisimulia kwamba sokoni alikutana na mzee mwenye mguu mmoja mfupi, fundi wa matairi, yule aliyekaa kiti changu Jumapili ile. Alipojua Mado ni binti wa nani, alilia, akamwambia yaliyotokea ndani ya gari. Kabla ya kona alisoma: “Kulia, wazi, fungua.” Wewe uliona majani yamekuwa marefu, ukainua mguu. Ukamuuliza, “Iko vile? Ni mukono ya Mwalimu?” Akasema ndiyo, ni mwandiko wake. Ukasema, “Basi ni kweli,” ukakanyaga.

Mado alinisimulia haya kwa fahari. Alisema, “Baba, ona vile alikuheshimu.”

Hajui alilala juu ya nini pale stesheni. Daftari jipya liko hapa mezani, mstari chini mara mbili. Kutoka hapa kwenda Likasi, kwa treni au kwa barabara, mtu anapita Mulungwishi, na kule mwisho wa njia ananingoja mtoto ambaye ataniomba nimsimulie habari zako.

Sitarudi Likasi.

Mdogo wako,
Mwalimu, aliyekusomea njia