Sentimeta Mbili Ulizotuachia

Patron,

Mke wako, Mama Masika, anasema nikuandikie kwa upole kwa sababu umelala. Leo sina upole. Wiki iliyopita nilirudi kutoka Mbau na mlango wa chuma juu ya lori, mlango uleule niliopeleka.

Unamkumbuka yule mama wa duka la mawese? Fremu ulimfungia wewe kabla ya kuugua, mimi ukaniachia namba za vipimo vya mlango. Nikakata chuma kwa metre mpya, utepe wa kupimia niliounua, maana ile yako Mama Masika aliitia mfukoni mwa koti tulilokuzika nalo, eti usiende mikono mitupu. Mlango ukakataa kuingia. Watu wakajaa. Yule mama wa duka akasema mbele yao: "Patron wako alikuwa fundi. Weye unaharibu tu." Sasa analala dukani kulinda madumu yake.

Nikapima fremu. Imepungua sentimeta mbili kwa namba ulizoniachia. Hapa Butembo nikapima milango yako mtaa mzima: mbili zilezile. Ndipo nikakumbuka ulivyokata ncha ya metre yako iliyopinda, zikaenda sentimeta mbili, ukapigilia ndoano upya. Uliudanganya ukuta, ukakidanganya chuma, vikaelewana. Aliyeleta metre yake karakanani ulimfukuza: "Mu atelier yangu metre ni moja. Mwenye kuleta ingine arudie kwabo." Nami nilikusifu kwa ukali huo.

Ulijua, Patron. Hata kitandani, uliponishika mkono, uliniagiza habari za kuku wako. Kuku! Neno moja lingetosha. Nina hasira, na inaniudhi kwamba ninalia.

Nimechomelea chuma cha mita moja kando ya mlango wa atelier, baada ya kukilinganisha na metre mpya za mafundi wengine. Kila asubuhi metre zote zinapimwa hapo, yangu kwanza, na mwanafunzi akiona imekosea ana ruhusa kuniambia. Ungekuwepo ungekibomoa.

Lakini milango yako imejaa mji, na ikiharibika italetwa kwangu. Basi nimenunua metre nyingine, nikaikata sentimeta mbili na kuipaka rangi nyekundu ili asiyejua asiichukue. Ule mlango wa Mbau nimeukata upya kwa hiyo, kesho naupeleka. Vijana wanaiita Patron.

Kwaheri. Nakuahidi, siku mlango wako wa mwisho utakapong'olewa nitaitupa. Itachukua miaka, mzee mkaidi. Ulichomelea vizuri.