Pikipiki Imeniangusha Busiu

Nalufenya, Jinja
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na bado unagombana na daktari kuhusu kahawa. Mimi mzima, ila kiwiko cha kushoto kina bendeji, na hicho kiwiko ndicho kilichonifanya nikuandikie kwa kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Tulikubaliana mlangoni pa gereji yako pale Muheza: siku pikipiki ikiniangusha nitaiuza, na nitakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Baba, imeniangusha.

Kaa kwanza. Sijavunjika kitu. Najua kwa nini ulinitaka ahadi ile. Umefuta damu za watu kwenye matangi mengi mno kuliko fundi yeyote anavyostahili. Lakini wewe ndiwe uliyenipandisha pikipiki za wateja nikiwa na miaka kumi na mitatu, mama akiwa sokoni, kwa hiyo lawama tutagawana.

Hii yangu unaijua kwa picha tu. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Kisingasinga mwenye duka la vipuri hapa mjini, aliyeacha kuiendesha magoti yalipomgomea. Aliponikabidhi funguo alisema, "Mwalimu, hii inapenda kucheza. Wewe ndiye uwe mkubwa." Ina pistoni moja tu, pana kama sufuria ya wali. Nikivuta mafuta kwa pupa gurudumu la mbele linaacha lami, nami, Mungu anisamehe, nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nikiwa juu yake nasahau upweke wa huku wote.

Kila Jumamosi huenda nayo Busiu, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, kuwafundisha Kiswahili walimu wa shule za msingi. Huku Uganda Kiswahili chetu cha Tanga kinawashtua watu, maana wengi walikisikia kwa wanajeshi tu. Polisi wa vizuizi vya barabarani wakiona pikipiki kubwa na kusikia nikiongea, wananipigia saluti. "Pita, afande!" Sikuwahi kuwasahihisha. Niliona raha, nikapita. Kosa langu lilianzia hapo, si pale nilipoanguka.

Msimu huu wa mavuno watu wa Busiu huanika mahindi pembeni mwa lami, kwa sababu lami ina joto na haina vumbi jingi. Kila dereva anajua kupunguza mwendo. Jumamosi iliyotangulia hii ya jana niliwaona walimu wangu wamesimama nje ya shule wakinipungia mikono, nikataka kuwaonyesha. Nikavuta mafuta. Gurudumu likanyanyuka, likatua juu ya mahindi ya watu. Punje zikabingirika, pikipiki ikalala ubavu, nami nikalala nayo.

Mwenye mahindi akatoka, bibi wa miaka sabini na kitu. Nilikuwa nimeshasimama, helmeti ingali kichwani, nikasema kwa sauti, "Samahani sana, mama. Mahindi haya ni yako?"

Nilidhani atanitukana, na nilistahili. Badala yake akapiga magoti.

"Afande, samehe mimi. Mahindi natoa kwa balabala sasa hivi. Hapana chukua mtu."

Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuchukuliwa. Alikuwa peke yake na kuku wake.

Nilivua helmeti haraka mpaka mkanda ukanichuna kidevu. Alipoona ushungi wangu na uso wangu akaduwaa. Nami nikapiga magoti mbele yake, tukaanza kuokota mahindi, walimu wakaja kutusaidia. Anaitwa Mama Nandutu. Alinieleza huku akipeta.

"Zamani, wakati ya jeshi, pikipiki kubwa ilikuja hapa. Mtu yake alisema Kiswahili kizuri, kama wewe. Akaita mzee yangu, eti njoo kidogo. Mzee hapana rudi."

Mzee ni mumewe. Alisema hivyo bila chozi, akaokota kijiwe kwenye ungo na kukitupa. Baba, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Zile saluti nilikuwa nazichekelea.

Tulipomaliza akaniuliza, "Jumamosi unarudi?" Nikasema narudi.

Basi nikarejea Jinja taratibu, nikanyoosha mkono wa breki uliopinda, nikamwambia mwalimu wa hesabu wa shuleni kwetu, ambaye siku zote ameitamani, kwamba naiuza. Jana nikaenda Busiu kwa taksi, ndivyo huku wanavyoita daladala.

Nilishuka mbele ya nyumba ya Mama Nandutu. Mahindi yake alikuwa ameyaanika uani, juu ya turubai. Lami ya mbele ya nyumba ilikuwa imefagiliwa hatua kama arobaini, haina hata punje moja. Mwenyewe alikuwa amesimama na ufagio mkononi, anatazama upande wa Tororo.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Kutoka asubuhi nasikiliza. Nimeambia majirani, leo pikipiki ikilia, hapana kimbia. Hiyo ni mtoto yangu anakuja."

Nilimwambia iko kwa fundi. Ni uongo; iko hapa kwangu Jinja, bado sijaikabidhi kwa mnunuzi.

Kwa hiyo ahadi yangu nimetimiza nusu. Nimekuambia mwenyewe, lakini funguo bado ninazo, na nusu iliyobaki nakuachia wewe. Ukisema niuze, nitauza kesho yake na sitanuna. Ukisema nibaki nayo, nitaingia Busiu polepole, helmeti nimeivua na kuiweka juu ya tangi, ili anione uso tangu mbali.

Nisalimie mama mdogo, na umwambie ile pilipili ya kusaga imeisha. Msalimie kaka Athumani aliyerithi spana zako, asizipoteze. Nibusie mkono wa bibi, na umwambie mjukuu wake anasali, hata akiwa barabarani.

Nijibu kabla ya Jumamosi, Baba, maana yule mama atafagia tena.

Binti yako,
Zuhura