Hodi ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Pazia la jikoni limeungua. Pazia, mlango wa kabati, na sufuria dogo limetoboka kitako. Mama aliinjika maharage akaenda kulala. Jirani ndiye aliyeona moshi. Nimerudi kazini nikamkuta mama uani, masizi puani, ananiuliza nani amewasha moto nyumbani kwa watu.

Dada amepiga simu hata viatu sijavua — mdomo wa jirani una mbio kuliko moshi. Anasema imetosha, mama ahamie kwake. Ghorofa ya nne, jiko la umeme, mlango wa jikoni unafungwa kwa ufunguo. Nikamwambia mama bila kupika ni kama mimi bila kuongea: mtatuzika siku moja. Dada hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetia kufuli jiko la ndani. Mama amezunguka nyumba asubuhi nzima akitafuta cha kufanya. Amefua taulo safi. Amezianika. Amezianua zikiwa mbichi, akazifua tena. Chai niliyompikia ameinywa kwa adabu, kama mtu anayemeza dawa mbele ya daktari.

Wazo! Jiko la nje. Sakafu ya zege, nguzo nne, bati juu, pembeni wazi. Hakuna pazia, hakuna kabati, hakuna cha kuungua ila chakula — na chakula kilichoungua mimi nimekizoea, najipikia mwenyewe.

Nimemweleza dada. Akasema: haya mdogo wangu, jenga. Jumapili ya tarehe ishirini na tatu nakuja kula. Mama akipika, anabaki. Asipopika nampakia kwenye gari, na usije ukanililia.

Sasa mimi na ujenzi wapi na wapi? Ni mwalimu wa udereva. Miaka yote nimekaa kiti cha pembeni nikikanyaga breki ya pili.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata fundi. Mtaa mzima unamwita Kesho, na nilipomuuliza ataanza lini nikaelewa kwa nini.

Amepima uwanja kwa hatua, akasimama, akatazama mbingu kama anayesoma tangazo. Jiko la nini hili bosi, la biashara? Nikamwambia la mama. Akasema kama ni la mama hapo hatutaleta mchezo, tunaanza kesho. Mke wa jirani alikuwa ukutani anasikiliza. Kacheka mpaka kakohoa.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ameanza! Leo asubuhi zege ilimwagwa. Mchana nikaenda kuikagua, maana mimi ndiye mwenye mradi, nikaikanyaga. Ilikuwa mbichi bado. Unyayo wangu upo pale, wa kushoto, na vidole vyake vyote vitano. Fundi kasema asahihishe. Mama kasema aache, ili watu wajue nyumba hii ina mtoto mdogo.

Ni yeye kabisa huyo. Mama mwenyewe, mzima! Nimecheka hadi nikalazimika kwenda nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu, 17 Machi

Nguzo zimesimama. Mama anawekewa kigoda asubuhi, anasimamia kazi.

— Fundi, nguzo ya pili imelewa.

— Bibi, hiyo imenyooka kama sheria.

— Basi na sheria imelewa.

Kesho akatoa timazi kwa madaha, akaining'iniza, akaitazama, akaikunja. Baada ya chai nikaona anaigonga ile nguzo polepole, kama mtu anayefukuza nzi.

Mchana mama aliniita kwa jina la marehemu mjomba. Mara mbili. Nikaitika.

Jumatano, 19 Machi

Limekwisha. Bati juu, meza ndefu ya zege, majiko mawili ya mkaa yaliyojengewa ndani yake, kibaraza cha kukalia. Kesho hataki kuondoka, anajifanya anafagia. Mama amelizunguka lote kwa nje, akagusa nguzo moja moja. Zuri, kasema. Zuri sana. Hongereni wenye nyumba.

Wenye nyumba. Nimelisikia neno nikalipita, kama dereva anayepita taa nyekundu huku anatazama pembeni.

Alhamisi, 20 Machi

Jiko lilikuwa halina vyombo. Nikaenda chini ya kitanda, nikatoa sanduku la mke wangu.

Tangu msiba wake sijalifungua. Mwaka juzi ule. Masufuria yake matatu, mazito, na kila moja lina doa la rangi ya kucha nyekundu kitakoni. Aliyatia alama mwenyewe, kwa sababu watu walikuja kuyaazima kwenye shughuli, na yeye alimpenda kila mtu lakini hakumwamini yeyote. Nikayaosha. Nikayapanga kwenye meza ya zege, makubwa kwa madogo. Yamependeza. Nikawasha mkaa nikamwita mama: karibu jikoni kwako!

Mama kafika ukingoni mwa zege akasimama. Kayatazama masufuria. Akaniambia nimpe lile la mwisho, akaligeuza, akaliona doa.

Hili la mkamwana wangu, kasema. Mwenyewe yuko wapi?

Nikamwambia aingie tu. Akanitazama kama nimemtukana. Siwezi kuingia jiko la mtu mwenyewe hayupo! Akarudi kigodani, akakaa, mkoba mapajani.

Nilikuwa nimesahau. Enzi zao wale wawili, mama hakuwahi kukanyaga jiko la mke wangu bila hodi. Kila siku ya Mungu. “Hodi jikoni!” Na mke wangu, hata kama mikono imejaa unga: “Karibu mama, jiko lako.” Ndipo aingie. Mimi na dada tuliwacheka miaka nenda miaka rudi, tukasema hawa wangepewa ubalozi. Alipokufa mke wangu, mama alishika mwiko akapika humo kwa sababu akili yake ilijua. Alisema, jiko hili nililitaka, ila si kwa njia hii.

Sasa akili imesahau kifo. Adabu imebaki.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia. Nilichuchumaa mbele ya kigoda, nikamshika mikono, nikasema mama, mkamwana wako alishafariki.

Lini? Mbona hamkuniambia? Mbona sikumzika?

Alilia kama ndiyo simu ya msiba imetoka kukatwa. Na mimi nikalia naye, kwa sababu kilio chake kilikuwa kipya na changu kilikuwa cha zamani tu, hakikuwa kimekwisha. Mke wa jirani kaja mbio na kanga begani.

Saa moja baadaye mama kafuta uso, kaangalia jiko. Mwenyewe bado hajarudi?

Simwambii tena. Siku zote zilizobaki, simwambii tena.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia ametoka kidogo. Basi nitamngoja, kasema. Amemngoja mpaka jua la jioni limeingia chini ya bati. Chakula kimeletwa na mke wa jirani. Nilimwomba yeye ndiye amkaribishe mama jikoni. Kajaribu, masikini, kwa sauti tamu. Mama kamwambia ahsante mwanangu, lakini wewe nakujua, wewe ni wa nyumba ya pili.

Nimenunua masufuria mapya mawili. Mama kayagonga kwa ukucha. Bati hili, kasema. Aliyekuuzia alikuona unakuja.

Jumapili, 23 Machi

Nilidhani nimepata dawa. Masufuria yasiyo na doa yatakuwa masufuria ya mtu yeyote. Yatakuwa yake.

Asubuhi nikakaa kwenye kibaraza na wembe na steelwire ya kusugulia. La kwanza rangi ilitoka upesi, vumbi jekundu. La pili ilikuwa imeng'ang'ania. Nikawa nakwangua huku namwambia mke wangu samahani, samahani, ni kwa ajili ya mama, wewe ungeelewa. Angeelewa. Angenisema kwanza, halafu angeelewa.

Kubwa lilikuwa la mwisho. Nimeligeuza, nimeweka wembe — kivuli kikanifunika.

— Unafanya nini, baba?

— Nasafisha, mama.

Kanishika kifundo cha mkono. Bado ana nguvu.

— Usilifute hilo. Akirudi atalijuaje kuwa lake?

Nikaweka wembe chini. Kuna wekundu chini ya ukucha wangu wa gumba. Nimenawa, hautoki.

Saa sita dada kafika. Nje ya geti kapaza sauti kama kawaida yake: Hodi humu! Mama kainuka kigodani kama msichana. Kajitengeneza kanga, kashika nywele. Si huyo! Nilikwambia atarudi! Kamwendea dada njiani, kamkumbatia, kamtazama usoni kwa furaha ambayo sijaiona mwaka mzima. Mwanangu, kasema, nimekungoja. Nilikuwa nakuomba jiko.

Dada akanitazama juu ya bega la mama. Alikuwa na begi tupu mkononi, lile kubwa la safari. Kayatazama masufuria. Kaliona moja limegeuzwa, doa juu. Dada si mjinga, na alikuwa akicheka pamoja nami enzi zile; maneno ya kumkaribisha mama jikoni anayajua.

Kasema, ngojeni ninawe mikono kwanza. Akaingia ndani.

Naandika hapa kibarazani, unyayo wangu wa kipumbavu uko mbele yangu. Maji ya bafuni yanamwagika nayasikia. Hakuna mikono inayooshwa muda wote huu. Begi ameliacha katikati ya uwanja, halijafunguliwa.

Mkaa umeshika vizuri. Mama amesimama ukingoni mwa zege. Ameshavua ndala.