Shairi la Ylva Lililogoma Kutoka

Sixten, nimeaibika! Darasa zima linatazama, Ylva kakaa mbele, naiendesha programu imwonyeshe shairi nililomtungia. Skrini tupu. Tupu, ndugu yangu!

Mwalimu Torsten akacheka: "We mshairi, umeeleza tu namna ya kuonyesha shairi. Hayo maelezo hujayakabidhi kwa programu kuu iyatekeleze. Lugha hii ndivyo ilivyo. Umeandika mapishi, unangoja kushiba!"

Halafu akayaonyesha maandishi ya programu yangu kwa projekta ukutani, kutafuta kosa. Shairi lote likaonekana humo, na jina la Ylva juu!

Ylva akalisoma kimya. Akasema, "Ubeti wa pili hauna vina."

Hauna vina! MIMI!

"Kesho tunywe kahawa kwa andazi la mdalasini, tuurekebishe," Ylva akaongeza.

Nikakataa kwa hasira, nikatoka. Sasa nimesimama mlangoni namsubiri, nimuulize hiyo kahawa ya kesho ni saa ngapi.