Kidonge cha Asubuhi Katika Mfungo

Djibuti, Tir 22

Mama mpenzi,

Pokea salamu nzito kuliko mzigo wowote niliobeba bandarini mwaka huu. Magoti yako yanaendeleaje? Macho je? Na yule ng'ombe mweusi? Mimi sijambo, ila mgongo. Juzi tulishusha mbolea, sasa ni ngano. Mbolea inaingia hadi kwenye mate. Nikifika kitandani nalala kama gunia lenyewe.

Dereva Kasahun kaniambia umekonda, unamaliza mtungi wa maji, na kila saa uko uani. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyembana. Kasema pia ile zahanati ya juu mlimani imeletewa kioo cha kuzungumza na daktari aliyeko Addis. Nenda, Mama. Habari ya mizizi na majani usinianzie. Baba alikata roho kwenye machela, wanaume wa kijiji wakipokezana, hata nusu ya mteremko hawajafika. Safari hii daktari ndiye anayepandishwa mlima. Nenda ukamwone.

Mwanao,
Desalew

*

Yekatit 9

Mwanangu Desalew,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli. U mzima? Huo mgongo usiudharau, pumzika. Magoti yangu ni yaleyale. Ng'ombe mweusi kazaa dume, kwa hiyo umepata mdogo.

Nilikwenda. Nilivaa shuka langu jeupe la kanisani, Sista Tiringo, muuguzi wa zahanati, akaniuliza, "Mama Yitayish, kuna harusi?" Nikamwambia, "Sitaonekana Addis na nguo ya jikoni mimi." Daktari ni binti mdogo, anaitwa Munira, mtu wa Harar, anakuita mama kwa adabu. Mara akakwama, mdomo wazi, macho hayapepesi. Nikaanza kumwombea. Sista akasema, "Mama, ni mtandao tu, ataamka." Kweli akaamka, akaendelea palepale alipoachia.

Sista alinidunga kidole. Ni ugonjwa wa sukari. Mimi, nisiyeweka sukari hata kwenye kahawa! Binti akaniuliza, "Asubuhi unakula?" Nikamjibu kweli, saa moja, mkate wa injera na kahawa. Akasema kidonge nikimeze na chakula hicho, kila siku, nisiruke. Vidonge Sista anavyo kabatini. Nilirudi nyumbani kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni. Baba yako angeyapata haya, saa hii angekuwa hapa ananigombeza kwa kukuandikia mambo mengi.

Kiu imepungua. Mfungo Mkuu unakaribia, na mwaka huu nina nguvu ya kuufunga hadi Pasaka.

Mama yako

*

Djibuti, Megabit 14

Mama,

Sijui nianze na salamu gani. U hai? Hii ni barua ya pili tangu uniandikie habari ya vidonge, ya kwanza hukuijibu. Kasahun kasikia huko barabarani kwamba umeanguka kanisani, machela ikatolewa. Hakujua zaidi, lori lilikuwa linaondoka.

Kama ni vidonge, vitupe. Yule binti hajawahi kukushika hata mkono. Daktari gani huyo asiyeweza kugusa paji la uso la mgonjwa? Na mimi ndiye niliyekusukuma kwake. Jana nilibeba magunia bila kujua nilikuwa nayabeba kwenda wapi, mpaka wenzangu wakanikalisha chini.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi kasema, "Nenda, lakini mahali pako patakuwa na mtu mwingine." Basi pawe. Kasahun akirudi bila neno kutoka kwako, napanda lori lake.

Mwanao,
Desalew

*

Megabit 21

Desalew wangu,

Mimi ni mzima. Lisome hilo kwanza, halafu keti. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimelala, na mkono ulikuwa hautulii kuandika.

Mfungo ulipoanza nikawa sili kitu hadi saa tisa alasiri, kama miaka yote. Lakini binti alisema nisiruke. Kidonge si chakula, nikawa nakimeza asubuhi kwa maji na kwenda ibadani. Siku ya kwanza nikatetemeka, nikasema ni baridi. Siku iliyofuata jasho, nikasema ni uzee. Ile ya tatu nikaisikia ngoma ya kanisa kama inapigwa ndani ya ndoo, kisha sikusikia tena.

Nilizindukia kwenye machela. Sista alikuwa amekuja mbio kutoka zahanati, ananimiminia maji ya sukari mdomoni. Unajua neno langu la kwanza? "Saa ngapi?" Akasema saa nne. Nikalia, mwanangu, mfungo wangu umevunjwa. Aba Tekle, padri na baba yangu wa kiroho, alikuwa amesimama pale na msalaba wake. Akasema, "Aliyeanguka haulizi saa, mwanamke! Kunywa!"

Wakanipeleka kwenye kioo, na Aba Tekle akaja nasi. Binti aliposikia akashika kichwa.

"Mama, mbona hukuniambia unafunga?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Uliniambia unakula saa moja."

"Siku ile nilikuwa nakula."

Akainamisha kichwa. Nikadhani amekwama tena. Kumbe anafuta machozi. Akasema, "Mama, hata mimi hapa nimefunga, ni Ramadhani. Wagonjwa Waislamu huwa nawapangia dawa upya kabla mwezi haujaandama. Wewe sikukufikiria. Nisamehe." Nikamwambia, "Mwanangu, umeshasamehewa, ila usinifanye nile mchana."

Hapo ikawa vita. Binti anasema nile. Aba Tekle anasema kanisa halimfungishi mgonjwa, nile. Mimi nasema sijashindwa kufunga tangu nilipobalehe. Aba Tekle akakigeukia kioo na kumwambia daktari, "Binti yangu, huyu nimemwungamisha tangu ujana wake. Hatakubali. Tafuta njia nyingine." Binti akacheka. Akapunguza dawa, akasema niimeze saa tisa nikishakaa mbele ya chakula, na nikitetemeka nile palepale, iwe saa yoyote. Aba Tekle akaongeza, "Na usipokula ukitetemeka, hiyo ndiyo dhambi, na mimi sitakuondolea." Sasa nimeshikwa pande zote mbili, na Sista anapita nyumbani kunidunga kidole.

Usije. Baki na kazi yako.

Mama yako

*

Djibuti, Megabit 30

Mama mpenzi,

Nimeisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoamuru. Halafu nikaisoma nikiwa nimesimama. Begi nimelifungua, mashati yamerudi msumarini. Mgongo hata sijui uko wapi leo.

Nimewaza sana hapa kati ya magunia. Kile kioo kinaona uso, hakioni jiko. Mtu yeyote ambaye angeingia kwetu asubuhi ile angekuta jiko la baridi na kuuliza, "Mama, leo hupiki?" Lakini daktari yuko Addis, na bila kioo asingekuwepo kabisa. Na huyohuyo ndiye aliyerekebisha mambo kabla jua halijatua, bila wewe kubebwa mteremko ule. Basi mwambie mwanao kasema asante. Na mwambie nilimtukana kidogo, tusifichane. Na wewe, mtu asipokuuliza, sema.

Mwanao,
Desalew

*

Miyazia 15

Desalew,

Heri ya Pasaka, mwanangu, umeamkaje? Sisi tumeamka na shibe. Mfungo nimeumaliza. Nilitetemeka mara moja tu, nikala mara moja, nikaungama mara moja.

Matusi yako nimeyafikisha. Binti kasema aliyastahili.

Siku ya Pasaka zahanati ilifungwa, lakini nilimwomba Sista Tiringo aje nyumbani na kile kioo, maana huwezi kutibiwa na mtu kisha ule sikukuu bila yeye. Jiko lilikuwa na kuku, mayai, kila kitu. Ila Munira ni Mwislamu, hali nyama tuliyochinja sisi. Kwa hiyo alfajiri nilimpikia shiro yake, mchuzi wa unga wa dengu, katika chungu kisichogusa nyama. Majirani wakanicheka, "Yitayish, mgeni wako yuko ndani ya kioo, na unamwekea chungu chake?" Nikawaambia mgeni ni mgeni.

Alipotokea, nilikata injera, nikachovya kwenye shiro, nikafanya tonge kubwa, lile la kumlisha mgeni wa heshima, nikamsogezea mdomoni. Akafumba macho huko Addis, akapanua mdomo wazi kama kinda la ndege. Mkono wangu ukabaki hewani, Desalew. Hapo ndipo nilipoujua umbali.

Lakini tonge likishainuliwa halirudishwi sahanini, utalaaniwa. Nikamgeukia Sista Tiringo. Maskini, mfungo mzima alikuwa akila shiro na kumwota kuku yule. "Panua," nikamwambia, "unakula kwa niaba ya daktari." Akapanua. Nikamlisha matatu, kama desturi, na huku ndani ya kioo Munira anatafuna mdomo mtupu na kusema, "Tamu, Mama. Chumvi tu imepungua."

Na kweli ilikuwa imepungua.

Mama yako