Bomba la Ukuta wa Majani

Baba Saidi, mzee mwenzangu wa Mkunya,

Huku Masasi, kwenye chuo kikuu kipya cha binafsi anakofundisha Asha wangu, naitwa mtaalamu. Uongo wangu mtupu, wanafunzi wananikwepa. Darasa lake lina ukuta uliooteshwa majani hadi juu, ndani kunapoa kama kwetu alfajiri. Nikaona bomba likiudondoshea maji. Sisi tunaopandisha maji mlimani kwa baiskeli, tungevumilia upotevu huo? Nikalifunga kimya kimya. Majani yakanyauka, darasa likawa tanuri. Asha akawaambia wanafunzi, "Ni baba yangu, msameheni." Nikabaki natazama kandambili zangu.

Msalimie Mama Saidi. Nilikulindia mihogo ulipougua, hujanilipa fadhila. Nikatie vipando vya ule mmea unaotambaa kwenye choo chako, umpe dereva wa basi aniletee, niuoteshe ule ukuta upya. Vifunge kwenye gunia lililolowa, na maji usibanie.

Baba Asha